Kutembea, kukimbia kwa vipindi au kunyanyua vyuma: mtu mnene achague lipi kwa afya ya misuli yake?

Mwaka jana mama mmoja wa kundi letu la asubuhi alinivuta pembeni tulipomaliza kunyoosha viungo. Alikuwa ametembea nasi wiki 12, siku nne kila wiki, na hata siku za manyunyu alikuja amejitanda khanga kichwani.

"Kocha, kilo moja na nusu. Wiki zote hizi, kilo moja na nusu tu. Mimi naacha."

Nikamuuliza anakaa ghorofa ya ngapi. Ya nne, akasema, na lifti yao ilishakufa zamani. Nikamuuliza kama bado anapumzika ghorofa ya pili kama alivyonieleza siku ya kwanza. Akanyamaza, macho yakaenda juu, ni kama alikuwa anazipanda zile ngazi kichwani. "Hapana," akajibu taratibu. "Siku hizi nafika moja kwa moja. Na ndoo ya maji mkononi."

Mizani haikuliona jambo hilo, wala haina namna ya kuliona. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya misuli ya mapaja yake, kwenye vijisehemu vidogo vya seli viitwavyo mitokondria. Wengi wanaokuja kwangu wanataka nilinganishe mazoezi kwa swali moja: lipi linakata kilo haraka? Naomba leo tuyalinganishe kwa swali jingine, kwa sababu naamini ndilo linalomfaa zaidi mtu mwenye unene uliopitiliza: lipi linairudishia misuli uwezo wa kuchoma chakula?

Kwanza, kilichopungua ni nini

Mitokondria ni majiko ya seli. Huchukua sukari na mafuta, huyaunguza kwa oksijeni unayovuta, na kutoa ATP, ambayo ndiyo nishati inayokunja msuli. Zina hata vinasaba vyao wenyewe, jeni 37, ambavyo kila mtu huvirithi kwa mama yake. Msuli unaofanya kazi huwa na majiko mengi na makubwa. Msuli unaokaa tu huyapunguza, kwa sababu mwili haugharimii kitu usichokitumia.

Mwaka 2002 David Kelley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, waliitazama misuli ya watu wanene na ya wenye kisukari cha aina ya pili kwa hadubini ya elektroni. Waliona mitokondria zao ni ndogo kuliko za watu wembamba, na uwezo wake wa kuunguza umeshuka. Mafuta yanapokosa pa kuungulia hubaki ndani ya nyuzi za msuli. Baadhi ya mazao ya mafuta hayo huziba njia ambayo insulini, homoni inayoufungua msuli upokee sukari, hupitishia ujumbe wake. Insulini inabisha hodi, msuli hauitikii, sukari inabaki kwenye damu.

Wataalamu bado wanabishana: kuna maabara zilizokuta kwamba kila mitokondria moja moja ya mtu mnene inafanya kazi vizuri tu, ila idadi ndiyo iliyopungua. Tena kuna ubishi juu ya kipi kilitangulia, unene, kukaa sana au majiko kupungua. Kwangu mimi ninayesimama uwanjani na watu, ubishi huo haubadilishi dawa. Yawe machache au yawe mabovu, majiko hayo hurudi kwa njia ileile.

Kuna jambo moja lililonishangaza nilipolisoma. Mwaka 2001 Bret Goodpaster na wenzake walipima mafuta yaliyomo ndani ya nyuzi za misuli ya wanariadha wa mbio ndefu, wakakuta ni mengi, sawa na ya mtu mwenye kisukari. Lakini misuli ya wanariadha hao iliitikia insulini vizuri mno. Mafuta yapo kwa wote wawili. Mmoja ana majiko ya kuyateketeza kila siku, mwingine hana. Kwa hiyo usimtazame mtu kwa nje ukadhani umeshajua hali ya misuli yake.

Na ukitaka kujua wanayapimaje haya, ujue si kwa saa ya mkononi. Hutumia sindano nene yenye uwazi ubavuni, iliyoenezwa na daktari Msweden Jonas Bergström tangu mwaka 1962. Paja linachomwa ganzi, ngozi inachanwa kidogo, sindano inaingia kwenye msuli wa mbele na kutoka na kipande kama punje chache za mchele. Watu wamejitolea mapaja yao mara mbili, kabla ya mazoezi na baada yake, ili sisi tujue ninayoyaandika hapa. Nawaheshimu sana.

Kubana chakula peke yake, au kubana chakula na kufanya mazoezi?

Naanza na ulinganisho huu kwa sababu ndipo wengi wanapopotezea nguvu zao. Mtu anaacha ugali, anaacha chapati, anakunywa maji ya limau, kilo zinashuka, anafurahi. Je, misuli imepata nini?

Frederico Toledo, Kelley na wenzao walilijibu swali hilo mwaka 2008. Waliwachukua watu wanene waliokuwa na usugu wa insulini, wakawagawa: kundi moja likapunguza chakula tu, jingine likapunguza chakula na kutembea au kuendesha baiskeli. Baada ya takriban miezi minne makundi yote mawili yalikuwa yamepungua karibu asilimia 10 ya uzito wao. Yote mawili yaliitikia insulini vizuri zaidi. Lakini walipochukua kile kipande cha paja, mitokondria zilikuwa zimeongezeka kwa waliofanya mazoezi. Waliobana chakula peke yake walibaki na majiko yaleyale.

Sisemi kubana chakula hakuna maana. Kunashusha mafuta ya ini na ya tumbo, kunapunguza mzigo kwenye magoti, na sukari hushuka. Ninachosema ni kwamba ukitoka huko na misuli ileile iliyolala, siku sahani itakaporudi kujaa hakuna kipya ndani yako cha kuipokea. Ukilazimika kuanza na kimoja kati ya viwili kwa sababu huwezi vyote kwa mpigo, mimi ningekwambia anza na miguu, chakula kifuate wiki ya tatu au ya nne.

Mwendo wa wastani, au vipindi vikali?

Hapa ndipo mabishano yalipo, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Upande wa kwanza ni mwendo wa wastani usiokatika: kutembea kwa haraka, kukimbia polepole, baiskeli, kuogelea. Unatokwa jasho, unapumua kwa kasi, lakini bado unaweza kumjibu mwenzako sentensi nzima. Kuimba huwezi. Huu ndio mwendo uliofungua elimu yote ya jambo hili. Mwaka 1967 John Holloszy wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis aliwakimbiza panya kwenye mashine, akiwaongezea muda hadi wakafikia saa mbili kwa siku. Uwezo wa mitokondria za misuli yao kutumia oksijeni ulipanda karibu mara mbili. Kabla ya hapo wengi walidhani mazoezi hujenga moyo na mapafu tu.

Upande wa pili ni vipindi vikali: unajisukuma kwa muda mfupi hadi huwezi kusema zaidi ya maneno mawili, unapunguza, unarudia. Msuli unapoishiwa nishati ghafla, kipimo chake cha ndani kiitwacho AMPK huamka, nacho huamsha protini ya PGC-1 alfa, ambayo tangu ilipogunduliwa mwaka 1998 imejulikana kama mnyapara wa ujenzi wa mitokondria. Mwendo wa wastani humwamsha mnyapara huyohuyo, ila kwa kumgonga taratibu na kwa muda mrefu.

Kwa muda, vipindi vikali vinashinda, na vinashinda kwa mbali. Kundi la Martin Gibala wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, lilichapisha mwaka 2016 jaribio la wiki 12 kwa wanaume waliokuwa hawafanyi mazoezi. Kundi moja liliendesha baiskeli dakika 45 mfululizo kwa mwendo wa wastani, mara tatu kwa wiki. Jingine lilikuwa na zoezi la dakika 10 tu, na ndani yake sekunde 20 za kukanyaga kwa nguvu zote, mara tatu. Hesabu mwenyewe: dakika moja ya kazi ngumu. Mwishoni makundi yote mawili yalikuwa yamepanda asilimia 19 katika uwezo wa mwili kutumia oksijeni, na mitokondria zao ziliongezeka kwa kiasi kinachokaribiana.

Umri nao una neno lake. Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walilinganisha mazoezi ya aina tatu kwa vijana wa miaka 18 hadi 30 na wazee wa 65 hadi 80. Waliofanya vipindi vya dakika nne nne kwenye baiskeli, mara nne, na mapumziko ya dakika tatu katikati, waliinua uwezo wa mitokondria kwa asilimia 49 vijana na asilimia 69 wazee. Wazee walipata zaidi! Huwa nawasomea tarakimu hizi wastaafu wanaoniambia wao wameshachelewa. Washiriki hao hawakuchaguliwa kwa unene wao, kwa hiyo usizichukue tarakimu hizo kama ahadi ya mwili wako.

Sasa turudi kwa mtu mnene mwenyewe. Jaribio ninaloliamini zaidi kwa ajili yake ni la Chuo Kikuu cha Michigan, la Jeffrey Horowitz na wenzake, lililotoka mwaka 2020. Washiriki wote walikuwa na unene uliopitiliza. Walifanya mazoezi siku nne kwa wiki, wiki 12, na walizuiwa kupungua uzito ili kilo zisichanganye hesabu. Kundi la kwanza lilikwenda dakika 45 kwa asilimia 70 ya mapigo ya juu kabisa ya moyo. La pili lilifanya vipindi 10 vya dakika moja moja kwa asilimia 90, na dakika moja ya kupumzika kila baada ya kipindi. Matokeo: siku iliyofuata zoezi la mwisho, makundi yote mawili yaliitikia insulini vizuri kuliko mwanzo, na kwa kiasi sawa. Walipopimwa tena baada ya siku nne bila mazoezi, faida hiyo ilikuwa imekwisha kwa wote.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Kwa mtazamo wangu ndiyo yenye uzito kuliko zote katika makala haya. Aina ya zoezi haikuwatofautisha. Pengo la siku ndilo lililowarudisha nyuma. Majiko yenyewe hayabomoki kwa siku nne, hayo huchukua wiki kadhaa. Tafiti za miaka ya 1970 zilionyesha kwamba vimeng'enya vya mitokondria hurudi vilipoanzia baada ya kama wiki sita za kukaa bure. Lakini ile hali ya msuli kuchukua sukari kwa urahisi ni ya leo na kesho, keshokutwa imeshafifia. Kwa hiyo zoezi bora kwako ni lile utakalolirudia kabla siku tatu hazijapita.

Na je, vipindi vikali vikizidi? Watafiti wa Stockholm walijaribu mwaka 2021, kwa watu wenye afya nzuri. Wiki ya kwanza dakika 36 za kazi kali kwa jumla, ya pili 90, ya tatu 152, kisha wakapunguza. Hadi wiki ya pili mambo yalikwenda vizuri. Wiki ya tatu mitokondria zikadorora na mwili ukaanza kuishughulikia sukari vibaya, kwa watu waliokuwa wazima. Nimewaona wanaoanza Januari kwa hasira, asubuhi vipindi, jioni vipindi, wiki nzima. Kufika Februari wamechoka, wanaumwa visigino, wamepotea. Si uvivu, mwili wao uliwaambia ukweli na hakuna aliyewafafanulia.

Yapo pia mambo ambayo maabara haiyaoni vizuri. Mtu mwenye kilo 110 akikimbia kwa kasi, kila hatua inatua kwenye goti kwa uzito uliozidi kwa mbali uzito wake. Kwa hiyo kwetu "kipindi kikali" si lazima kiwe mbio. Asubuhi tunapopita daraja la Tanzanite, pale Dar es Salaam, hatushiki saa wala simu. Tunatumia nguzo za taa: nguzo mbili kwa mwendo wa mtu anayekimbilia daladala inayoondoka, nguzo tatu polepole hadi pumzi irudi. Kupanda kilima kwa miguu, kukanyaga baiskeli isiyotembea, au kutembea ndani ya maji ya bahari yaliyofika kiunoni vinafanya kazi hiyohiyo bila kuliumiza goti. Yule mama wa ghorofa ya nne anazo ngazi zake mwenyewe.

Nikiweka pande mbili mezani: vipindi vinakuokolea muda na vinaongeza uwezo wa pumzi haraka, lakini vinataka moyo uliopimwa na siku za kupumzika kati yake. Mwendo wa wastani unakula muda wako, lakini unavumilika, unazungumzika, unafanyika na jirani, na mtu anaweza kuufanya hata siku tano kwa wiki. Kwa mtu anayeanza akiwa na unene, nampeleka kwanza kwenye mwendo wa wastani wiki nne hadi sita. Kisha naingiza zile nguzo mbili za haraka, siku mbili kwa wiki, zisizofuatana.

Vyuma

Wanawake wengi wananiambia hawataki vyuma kwa sababu watapanuka mabega. Hawatapanuka. Ila kwa mitokondria peke yake, vyuma viko nyuma: katika lile jaribio la Mayo Clinic, waliofanya vyuma tu walipata misuli na nguvu na waliitikia insulini vizuri zaidi, lakini uwezo wa mitokondria haukupanda kama wa wale wa vipindi. Zipo tafiti nyingine ambamo vyuma viliunyanyua, kwa hiyo mlango haujafungwa.

Faida yake iko kwingine. Msuli ndio nyumba ambamo majiko yamo. Mtu anayepungua uzito bila kuutumikisha msuli hupoteza na sehemu ya msuli wenyewe, na aliyevuka miaka 50 hana wa kupoteza. Hakuna haja ya jimu. Madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji, kiti imara cha kukaa na kuinuka bila kushika, pushapu za ukutani, mara mbili kwa wiki. Mwenye presha asibane pumzi anapoinua. Atoe hewa anaponyanyua, avute anaposhusha.

Mchanganyiko

Jaribio kubwa lililoitwa HART-D, la Louisiana, Marekani, liliwafuatilia watu 262 wenye kisukari cha aina ya pili kwa miezi tisa; matokeo yakatoka mwaka 2010. Kulikuwa na kundi la mwendo, kundi la vyuma, kundi la vyote viwili na kundi lisilofanya kitu, na waliochanganya walipewa muda unaolingana na wa wengine. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilishuka vya kutosha kwa waliochanganya peke yao. Waliochukuliwa vipande vya paja katika utafiti huohuo walionyesha jambo linalofanana: mchanganyiko ulileta mabadiliko mapana zaidi ndani ya msuli.

Lakini utafiti ulionigusa moyoni ni wa karibu na nyumbani. Kule Cape Town, Afrika Kusini, Amy Mendham, Julia Goedecke na wenzao waliwafanyia kazi wanawake weusi wenye unene uliopitiliza. Walikuwa vijana, waliokuwa hawafanyi mazoezi, na walifundishwa mchanganyiko wa mwendo na nguvu kwa wiki 12. Uzito wao ulipungua kidogo sana. Uwezo wao wa pumzi ulipanda, waliitikia insulini vizuri zaidi, na mitokondria za misuli yao zikaweza kutumia oksijeni nyingi kuliko mwanzo. Tafiti nyingi za jambo hili zimefanywa Ulaya na Marekani kwa watu wasiofanana nasi, na mara nyingi nimeulizwa, "Hayo si ya Wazungu?" Sasa nina jibu. Nilipomsomea yule mama habari ya wanawake wa Cape Town, uzito uleule na misuli mipya, alicheka kwa sauti. "Basi ni mimi huyo," akasema.

Wewe uchague lipi

Kama huna muda, kazini unaingia gizani na kurudi gizani, na daktari amekupima moyo na presha akaridhika, chukua vipindi vifupi mara tatu kwa wiki na siku nyingine shuka kituo kimoja kabla ya chako utembee. Dakika 10 hadi 20 zinatosha.

Kama magoti yanauma, usianze na mbio wala kuruka kamba. Baiskeli, maji, au kutembea kwenye tambarare, na vyuma vya kukaa kwenye kiti ili kuimarisha paja linaloshika goti. Magoti ya wengi hupata nafuu paja likipata nguvu, hata kabla kilo hazijaondoka.

Kama una kisukari, chagua mchanganyiko na usiache siku mbili mfululizo zipite bila kitu. Anayechoma insulini au anayetumia vidonge vinavyoweza kushusha sukari sana apime kabla ya zoezi na abebe kitu kitamu mfukoni. Akague na nyayo kila jioni, maana kidonda cha kiatu kwa mgonjwa wa sukari si jambo dogo.

Kama una maumivu ya kifua, unaishiwa pumzi ukiwa umelala, au uliwahi kuanguka na kuzimia, weka makala haya pembeni, nenda hospitali kwanza.

Mambo mawili ya duka la dawa yanaingia hapa pia. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake waliwapa watu wanaofanya mazoezi vitamini C miligramu 1000 na vitamini E yuniti 400 kila siku. Faida ya mazoezi katika kuitikia insulini haikuonekana kwao, wakati waliofanya mazoezi bila vidonge waliipata. Ile chembe ya moshi inayotoka kwenye majiko wakati wa kazi ni sehemu ya ujumbe wa kujenga mengine, na dozi kubwa ya vidonge huuzima. Machungwa na mchicha havina tatizo hilo, endelea kula. La pili ni metformini, dawa ya kisukari. Jaribio la mwaka 2019 kwa watu wa umri mkubwa lilionyesha kwamba waliokuwa wakiimeza huku wanafanya mazoezi, mitokondria zao hazikupanda kama za wenzao. Tafadhali usiache dawa kwa kusoma hili. Wengi wanaihitaji kweli. Muulize daktari wako, na ikiwa ataona uendelee, endelea na dawa na mazoezi.

Kwa kiasi cha wiki, Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2020 linataka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Usitishike na 300. Kwa msuli uliolala miaka 10, hata dakika 10 kwa siku ni habari mpya, na faida kubwa zaidi hupatikana unapotoka kwenye sifuri.

Maendeleo yako yapime kwa vitu hivi: ngazi unazopanda kabla ya kusimama, dakika zinazopita baada ya zoezi hadi uweze kuzungumza kawaida, mapigo ya moyo asubuhi kabla hujashuka kitandani, na kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Andika kwenye daftari kila Jumapili. Mizani ipande mara moja kwa mwezi, inatosha.

Yule mama hakuacha. Jumatatu na Alhamisi anatembea nasi dakika 40, Jumamosi tunafanya nguzo za taa, na Jumatano jioni yuko sebuleni na madumu yake, mjukuu akimhesabia. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nikasikia watu wakibeba kitu kizito kwenye ngazi. Walikuwa wanapandisha friji ya jirani, na yeye alikuwa ameshika upande wa chini.